Mtoto Niliyemsimamisha Paredini

Jumatatu, jioni. Baridi ya Julai imekataa kutoka Nairobi. Tangu asubuhi jua halijaonekana hata dakika moja, na sasa nimejifunga leso mbili juu ya sweta, chai iko kando, na bado vidole vinakataa kunyooka. Lakini nataka kuandika leo leo, kabla sijaanza kujisimulia habari hii kwa namna inayonipendeza.

Maana najijua. Nikikaa nayo wiki moja nitaigeuza geuza, na mwishowe nitatoka mle ndani nikiwa mtu mzuri kuliko nilivyokuwa.

Kwa anayenisoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni naibu mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi, si mbali na Dagoretti Corner. Nafundisha Kiswahili, na mambo yote ya nidhamu yako juu yangu. Nimekuwa mwalimu miaka ishirini na sita. Nimezaliwa upande wa mji wa Kikuyu, nikaolewa Uthiru, na sijawahi kuishi mbali na barabara hizi. Wanafunzi wakisikia viatu vyangu kwenye veranda, darasa linanyamaza kabla sijafika mlangoni. Hilo nilikuwa nikiliona sifa.

Kiboko nilikitupa sheria ilipokataza. Nilikitupa kweli, sikukificha nyuma ya kabati kama wengine. Ila nilibaki na mdomo, na nilibaki na paredi.

Paredi yetu ni Jumatatu na Ijumaa. Watoto wanapanga mistari fildini, bendera inapandishwa, tunaomba, matangazo yanatolewa. Mwishoni mimi husoma majina. Mtoto aliyechelewa, aliyepigana, aliyetukana, anatoka kwenye mstari wake na kuja kusimama mbele akiwaangalia wenzake, nami naeleza alichofanya. Nilikuwa nikisema kwa majivuno kwamba mimi simgusi mtoto wa mtu.

Mwezi uliopita nilimsimamisha msichana wa gredi ya tano. Hapa nitamwita Dorka. Si jina lake.

Watoto wa darasa lake walikuwa wakilalamika kwamba chakula kinapotea kwenye kontena zao. Leo nusu chapati, kesho mandazi, keshokutwa viazi. Mwalimu wa darasa, kijana mmoja anayeitwa Wafula, akakagua mabegi. Chini kabisa ya begi la Dorka, chini ya vitabu, kulikuwa na vipande vya chapati vilivyofungwa kwa karatasi za daftari. Vingine vilikuwa vimeota ukungu.

Nilimpigia mama yake simu. Nilimuuliza swali moja tu: nyumbani kuna chakula? Akasema kipo, tena siku hizi wanakula vizuri. Basi nikafunga kesi. Kama nyumbani kuna chakula na mtoto anachukua cha wenzake, huyo ni mwizi. Na kile cha kuota ukungu ndicho kilichoniudhi zaidi. Nilisema huyu anaiba hata kitu asichokula.

Ijumaa nikamwita mbele, nikatangaza kwamba ni mwizi. Niliinua vile vipande kimoja kimoja shule nzima ivione. Watoto wakacheka. Halafu nikasema, "Huyu ndiye anayekula jasho la mama zenu."

Nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno kwa sababu niliyatunga njiani nikija shuleni. Nilikuwa nimeyafurahia.

Dorka hakulia. Nikasema moyoni, mtoto sugu huyu.

Hayo yalikuwa ya mwezi uliopita. Baadaye kidogo ikaja barua kwamba shule yetu imechaguliwa kwa mafunzo ya siku mbili kuhusu jinsi ya kuwasaidia watoto waliopitia mambo mazito. Si walimu pekee. Karani, mpishi, soja wa geti, mama anayefagia, kila mtu anayelipwa na shule alitakiwa awepo. Mwalimu mkuu akaniambia niwaongoze. Sikufurahi. Nimehudhuria mafunzo mengi. Unapewa begi la kitambaa, kalamu na samosa mbili, unapigwa picha ya pamoja, unarudi darasani kuwakuta watoto wale wale.

Ukumbi ulikuwa katikati ya mji, ghorofa ya tano, na lifti ilikuwa imekufa. Tulipanda ngazi polepole kwa sababu mpishi wetu, Mama Wanja, alikuwa akisimama kila ghorofa kushika goti. Mkufunzi alikuwa mwanamke kijana, rika la kifungua mimba wangu, anaitwa Achieng'. Hakuwa na sauti kubwa. Nilikaa safu ya nyuma nikakunja mikono.

Alituambia kwamba mtoto aliyekutana na hatari kubwa, mwili wake unaweza kubaki kwenye ulinzi hata baada ya hatari kwisha. Ndiyo maana mmoja ukimgusa bega anageuka na ngumi, mwingine analala darasani mchana kutwa, mwingine ukimpazia sauti haelewi tena unachosema, anaona mdomo tu ukienda. Akasema mengi tunayoyaita ukaidi ni mtoto anayejilinda kwa njia pekee anayoijua.

Niliinua mkono. Nilimwambia, "Mwalimu, sisi wote tumepitia mambo. Mimi nilimzika baba yangu nikiwa na miaka tisa, na kesho yake nikatumwa maji mtoni. Hakuna aliyeniuliza najisikiaje. Na si nimekuwa mtu?"

Wenzangu wakacheka wakiniunga mkono. Achieng' hakucheka, wala hakubishana nami.

"Pole, Madam," akasema. "Ulikuwa na miaka tisa tu."

Basi. Akaendelea na somo.

Nilikaa chini, na pole ile ikakataa kunitoka, nikashindwa kuelewa ni kwa nini. Miaka arobaini na zaidi imepita. Mazishini watu walimpa mama pole, wakawapa wajomba pole. Sisi watoto tulipewa chai.

Siku ya pili baada ya chakula tukapewa karatasi. Kila mmoja amfikirie mtoto mmoja aliyemwadhibu na adhabu haikumbadilisha. Usiandike kosa lake, andika unachojua kuhusu maisha yake kabla ya siku hiyo.

Niliandika jina la Dorka. Chini yake nikaandika: gredi ya tano. Kisha: alihamia kwetu muhula wa kwanza. Kisha nikakaa na kalamu hewani.

Sikuwa na kitu kingine. Nilikuwa nimemtangaza mtoto huyu mbele ya shule nzima, na nilichojua kumhusu kingeandikwa kwenye kiganja.

Mwalimu Wafula alikuwa pembeni yangu. Huyu ni kijana wa Bungoma, mpole, huongea kama mtu anayeomba njia. Naye alikuwa ameandika Dorka, lakini karatasi yake ilikuwa na mistari zaidi. Alijua ana mdogo wake gredi ya kwanza. Alijua kabla ya kuja kwetu walikuwa wakiishi kando ya mto, na kwamba mvua zilipozidi nyumba ilienda na maji.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakuniambia.

"Hukuniuliza, Madam," akasema kwa heshima zake zote. "Na ile siku ulikuwa umekasirika sana."

Hata mwalimu mwenzangu ananiogopa. Nilishuka ngazi za lile jengo nikiwa na sentensi hiyo moja kichwani.

Jumatatu iliyopita nilimpigia tena mama yake Dorka, nikamwomba aje. Alikuja Jumanne mchana akitoka mtaa wa Karen, ambako anafulia na kupigia pasi familia moja. Viatu vyake vilikuwa vimelowa. Alikaa kwenye ncha ya kiti na kuweka mkoba mapajani, na kabla sijamkaribisha vizuri akasema, "Mwalimu, kama mnamfukuza niambie tu mapema. Nimekuja na vitabu vyote vya shule."

Nilimwambia hakuna anayefukuzwa. Nikamwomba anieleze, kama hana neno, walipitia nini kabla ya kuja huku.

Alinitazama kwanza, kama anayepima kama swali ni la kweli. Kisha akasimulia, na hakunitazama tena hadi alipomaliza.

Maji yaliingia mchana, yeye akiwa kazini. Watoto walikuwa wawili tu nyumbani, Dorka na mdogo wake, ambaye hapa nitamwita Lidia. Dorka alimbeba Lidia mgongoni, akapanda naye juu ya bati la kioski cha jirani, wakakaa hapo mpaka watu wakawatoa. Walipelekwa kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na watu wengine wengi. Simu ya mama ilikuwa imeachwa nyumbani kwenye chaji, ikaenda na maji. Dorka hakuwa na namba yoyote kichwani. Mama aliwatafuta siku tatu, kwenye shule, kwenye makanisa, hadi mahali ambapo hakutaka kunitajia, na nikaelewa ni wapi.

Katika zile siku tatu chakula kilikuja kwa foleni, na wakubwa walikuwa wakitangulia. Siku nyingine Dorka alipata sahani moja, siku nyingine alikosa. Alichopata alimlisha mdogo wake, na kingine akakificha ndani ya sweta, kwa sababu hakujua kama kesho kitakuja kingine.

"Sasa chakula kipo," mama akaniambia. "Mungu amesaidia, kazi ninayo. Lakini napata mkate chini ya godoro. Juzi nimepata ugali ndani ya soksi. Namwambia, mwanangu, chakula kipo. Anasema ndiyo, mum. Kesho napata ingine."

Kisha akasema jambo ambalo nimebaki nalo wiki nzima. Alisema, "Ile siku ulinipigia uliniuliza kama kuna chakula. Nikakujibu. Sikujua kuna kitu kingine ulikuwa unataka kujua."

Sikuwa nataka kujua kitu kingine. Huo ndio ukweli, na nilimwambia hivyo. Nikamweleza pia yaliyotokea paredini, kwa sababu Dorka hakuwa amemwambia. Nilidhani atanitukana, na ningestahili. Alisema tu, "Kumbe ndiyo maana." Akainuka, akanipa mkono uliokuwa baridi, akarudi kazini.

Jioni hiyo nilimpigia Achieng'. Alikuwa ametupa namba yake na nilikuwa nimeapa sitaitumia. Nikamwambia nataka kumwomba mtoto msamaha. Alifurahi, lakini akaniuliza msamaha huo ni wa kumpa Dorka nafuu au wa kunipa mimi. Akaniambia nisimlazimishe kujibu, nisimuulize habari za maji, na nisitegemee kukumbatiwa.

Nilimwitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni nilikuwa nategemea kukumbatiwa.

Jumatano nikamwita ofisini. Aliingia akasimama karibu na mlango. Nikamwambia aketi, akaketi kwenye ncha ya kiti kama mama yake. Nikatoa hotuba yangu. Nilikosea, sikupaswa kukuita vile, sikujua, naomba unisamehe. Nilisema vizuri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Dorka alisikiliza mpaka mwisho.

Akasema, "Tichaa, ulisema mbele ya watu wote. Sasa unasema hapa, tukiwa wawili tu."

Hakuwa na kiburi. Alisema kama anavyoweza kumwonyesha mwalimu wa hesabu kwamba amesahau namba moja ubaoni.

Nilifungua mdomo nieleze. Maelezo nilikuwa nayo: sitaki kukuaibisha mara ya pili, mambo haya ni nyeti, na kadhalika. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikayameza maelezo yangu. Nikamuuliza yeye angependa nifanye nini.

Alivuta sketi ya sare hadi ikafunika magoti.

"Mwambie Lidia," akasema. "Kwa class yao wanamwita sista ya mwizi. Siku hizi hataki kutembea na mimi. Tukienda home anapita ule upande mwingine wa barabara."

Nilimruhusu aende darasani. Nikafunga mlango wa ofisi na kulia kama mtu aliyefiwa. Mtoto aliyebebwa mgongoni juu ya maji sasa anavuka barabara ili asionekane na aliyembeba. Na si mafuriko yaliyofanya hivyo.

Ni mimi.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda saa ile ile kumwona Lidia. Sikwenda. Alhamisi nilijipa kazi ya kusahihisha insha. Kisha nikajipa kazi ya kupanga kabati ambalo halikuhitaji kupangwa. Kumwomba msamaha mtoto wa miaka kumi kulikuwa kumenichosha, na sasa nilitakiwa nimwombe wa miaka sita, mchana, watu wakiniona. Katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia mtu mzima wa familia yetu akimwambia mtoto pole, nimekosea. Nilikuwa sijui hata maneno yanatoka kwa sauti gani.

Ijumaa saa ya uji nikajikaza. Nilimuuliza Dorka kama angependa awepo. Akasema atasimama kwa mfereji, pale wanapooshea vikombe. Gredi ya kwanza walikuwa wameketi ukutani kwenye veranda, kila mmoja na kikombe chake. Lidia ni yule aliyepoteza meno mawili ya mbele. Nilisimama mbele yake nikaona kwamba kutoka huko juu haiwezekani, sauti ingetoka ile ile ya siku zote. Nikapiga magoti. Simiti ilikuwa baridi kama chuma, na magoti yangu yalitoa mlio ambao watoto wote waliusikia.

"Lidia," nikasema, "ile siku ya paredi nilisema Dorka ni mwizi. Si kweli. Dorka si mwizi. Ni mimi nilikosea."

Wenzake wakawa wamenyamaza. Nilitaka wasikie, kwa hiyo nikarudia.

Lidia akalamba uji kwenye mdomo wa juu. "Ni wewe ulikosea?"

"Ndiyo."

"Tichaa anaweza kosea?"

"Anaweza."

Akafikiri. Unaona kabisa mtoto wa umri huo anavyofikiri, nyusi zote zinafanya kazi. Kisha akauliza, "Sasa utasimama mbele lini?"

Hakuwa anafanya mzaha. Kwake sheria ya shule hii ni nyepesi kabisa: aliyekosea husimama mbele. Ni sheria yangu, na ameielewa barabara tangu wiki ya kwanza aliyovaa sare.

Nikamwambia, "Jumatatu." Neno lilitoka kabla sijalipima.

Nilivuka hadi kwa mfereji nikamuuliza Dorka kama ataumia nikisema mbele ya shule. Alikuwa anaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. "Sema," akasema. "Lakini usitaje jina yangu."

Jumamosi nikamweleza mwalimu mkuu kwa simu. Ni mtu mwema, na hakunikataza. Alinionya tu kwamba nikijishusha Jumatatu, Jumanne hawatanisikia. Hilo ndilo hasa lililokuwa likinitisha. Mume wangu naye, nilipomwambia tukiwa mezani, alitafuna kwa muda kisha akasema nifanye nitakavyo, mradi nisilie mbele ya watoto. Jana kanisani sikusikia neno moja la mahubiri.

Leo asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa za madarasa. Watoto walikuwa wameingiza mikono ndani ya mikono ya sweta. Bendera ikapanda, tukaomba. Kitabu changu cha majina kilikuwa mkononi, na kilikuwa na majina matano. Nikakiacha kwenye kiti. Nikatoka kwenye mstari wa walimu na kwenda kusimama pale ambapo wao husimama.

Sijawahi kusimama pale. Mimi husimama pembeni kidogo, kwenye ngazi, ambapo ni juu. Pale chini nyuso ni nyingi mno, na zote zimekugeukia wewe. Sikujua macho niyaweke wapi. Mikono ilikuwa mizito. Na mimi ni mtu mzima, nina mshahara na nyumba na mume, na nilikuja pale kwa hiari yangu.

Nilisema, "Mwezi uliopita nilimsimamisha mwenzenu hapa nikamwita jina baya. Sikumuuliza kilichompata. Sikumsikiliza. Nilichosema hakikuwa kweli, na hata kingekuwa kweli sikupaswa kukisema vile. Nilikosea. Kuanzia leo hakuna mtoto atakayesimamishwa hapa mbele. Mimi ndiye wa mwisho."

Sauti ilinikatika kwenye neno la mwisho. Sikulia, lakini ilikuwa karibu.

Hakuna aliyepiga makofi, na nashukuru. Kijana mmoja wa madarasa ya juu alicheka, mwenzake akamsukuma kwa kiwiko. Mama Wanja alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, na sufuria nyuma yake ilikuwa inachemka hadi kumwagika. Mwalimu mkuu akakohoa, akatangaza habari za michezo, na watoto wakaenda madarasani.

Kwenye ofisi ya walimu mwenzangu wa miaka mingi aliniambia nimewauza walimu wote. Labda nimewauza. Saa nne wavulana wawili wa gredi ya sita walipigana nyuma ya choo, wakaletwa kwangu, nami nikawa sina paredi ya kuwatishia. Ilibidi niketi nao. Ilinichukua dakika arobaini kujua kwamba ugomvi ulianzia kwa maneno kuhusu baba wa mmoja wao, ambaye ameondoka nyumbani wiki mbili zilizopita. Somo langu la gredi ya saba likapotea. Kichwa kinaniuma hadi sasa. Kusoma majina ilikuwa kazi rahisi sana, hakuna aliyeniambia hivyo katika yale mafunzo, au waliniambia nikiwa nimekunja mikono.

Nimefikiria leo majina ya miaka yote. Vitabu vyangu vya nidhamu viko kwenye sanduku ofisini, kimoja kwa kila mwaka. Kila jina humo ni mtoto aliyesimama pale chini akitafuta pa kuweka macho. Wengine sasa ni watu wazima, wana watoto wao. Wengine hupita dukani nikiwa nanunua maziwa, na hujifanya hawajaniona. Nilidhani wananionea haya.

Dorka hajapona, na sitaki mtu asome hapa akidhani amepona. Mwalimu Wafula amempa kopo lenye kifuniko, limeandikwa jina lake, linakaa kwenye kabati la darasa. Mama yake huweka mkate humo, na Dorka anaweza kwenda kulitazama wakati wowote bila kuomba ruhusa. Wafula anasema huenda mara nne, tano kwa siku. Anafungua, anaangalia, anafunga, anarudi kuketi. Hali kitu. Lakini leo tena nusu mandazi ya mtu ilipatikana kwenye dawati lake. Wafula aliirudisha kimya kimya kwa mwenyewe na hakuna kilichosemwa. Nilipoambiwa, ule mdomo wangu wa zamani ulifunguka wenyewe. Niliufunga.

Saa tisa na nusu nilisimama kwenye geti wakitoka. Lidia alitoka kwanza, mbio, begi likimpiga mgongoni. Dorka alikuja nyuma na wasichana wengine wawili. Nilikuwa naogopa kuangalia, lakini niliangalia. Lidia alifika ukingoni mwa barabara akasimama. Hakuvuka. Alisubiri huku akipiga kijiwe kwa ncha ya kiatu, na dada yake alipofika wakaanza kutembea upande mmoja. Hawakushikana mikono.

Kabla ya hapo, Dorka alipopita mbele yangu, nilimwambia kwaheri kwa jina lake. Hakuitikia. Alipita akiangalia mbele.

Sina haki ya kudai. Nilitumia dakika tano kumvunja, na sijui itachukua muda gani, wala si mimi wa kupanga.

Kesho zamu ya asubuhi getini ni yangu. Nitamsalimia. Asipoitikia, nitamsalimia Jumatano.